SIKIO LIMEBADILIKA AU KIPIMO? Uhakiki wa Tafiti Zinazohesabu Ladha ya Muziki

Utangulizi

Katika insha zetu za fasihi simulizi kuna sentensi moja iliyozoeleka mno hata hakuna anayeihoji: "siku hizi ladha ya hadhira imebadilika." Ikishaandikwa hiyo, yote yanayofuata yanakuwa mteremko. Nyimbo za dansi za zamani zinasifiwa kwa maudhui, nyimbo za vijana wa leo zinatupiwa lawama, utandawazi na soko huria vinabebeshwa mzigo, kisha mwandishi anahitimisha na kusubiri alama zake. Lakini jamani, ladha ya nani? Imebadilika lini, kutoka wapi kwenda wapi? Na aliyeipima ni nani, kwa mizani ipi?

Makala haya yanakusudia kuyakabili maswali hayo. Kwanza tutaangalia tafiti za Marekani na Uingereza, ambako kazi ya kuhesabu ladha ya muziki imefika mbali na ambako zipo kumbukumbu za miaka mingi za kuhesabia. Baadaye tutarudi nyumbani na kujiuliza kama njia zao zinatufaa. Hoja ya makala ni kwamba takwimu nazo ni matini. Zina mtunzi, zina mtazamo, na kuna mambo zinayoyanyamazia. Mhakiki anayezikimbia kwa kisingizio kwamba "sisi ni watu wa fasihi, hesabu tuliziacha sekondari" anajinyima ushahidi. Naye anayezipokea kama hukumu isiyo na rufaa anaacha kazi yake ya uhakiki mlangoni.

Utafiti wa mapinduzi matatu

Mwezi Mei 2015, jarida la Royal Society Open Science la Uingereza lilichapisha utafiti wa Matthias Mauch na wenzake watatu: Robert MacCallum, Mark Levy na Armand Leroi. Leroi ni mwanabaiolojia wa mageuzi ya viumbe, na jambo hilo si dogo, kwa sababu utafiti wenyewe unauangalia muziki kama watu wa fani yake wanavyoangalia mabaki ya viumbe vya kale katika matabaka ya miamba: nini kilikuwepo, nini kilitoweka, na lini mabadiliko yalikwenda mbio.

Walichukua chati ya Billboard iitwayo Hot 100, inayopanga nyimbo 100 zinazovuma Marekani kila wiki tangu 1958. Wakatafuta vipande vya sekunde 30 vya nyimbo zilizoingia katika chati hiyo kuanzia 1960 hadi 2010. Wakapata nyimbo 17,094, yaani takriban asilimia 86 ya zote zilizopita humo. Si mchezo. Hakuna mhakiki mmoja, hata akikesha na spika masikioni, anayeweza kuzisikiliza nyimbo hizo zote na kukumbuka ya kwanza ilikuwaje afikapo ya mwisho. Kompyuta ilizipima kwa mambo mawili. La kwanza ni mpangilio wa sauti zinazopigwa pamoja, zile ambazo wapiga gitaa wetu huziita kodi. La pili ni rangi ya sauti, yaani kile kinachokufanya utambue hii ni tarumbeta na ile ni gitaa hata kama zote zinapiga noti moja.

Matokeo yao yanasisimua. Wanasema mabadiliko hayakwenda kwa mwendo mmoja. Kulikuwa na vipindi vya utulivu, na kulikuwa na "mapinduzi" matatu: 1964, 1983 na 1991. La mwisho, lililokuja na rapu, ndilo kubwa kuliko yote. Wanaonyesha pia kwamba aina fulani ya kodi, ambayo ni alama ya jazi na bluzi, ilipungua kwa takriban asilimia 75 katika nusu karne hiyo. Tena wanavunja visa viwili vilivyokwishakuwa kama ngano. Kisa cha kwanza ni kwamba vijana wa Uingereza, The Beatles na wenzao, walitua Marekani 1964 wakaugeuza muziki wa huko. Takwimu zinaonyesha kwamba mwelekeo ule ulikwishaanza kabla hawajafika. Wao waliuchochea tu. Kisa cha pili ni kile cha wazee wa kila nchi: kwamba muziki unazidi kufanana mwaka hadi mwaka. Utafiti unasema aina zilipungua kweli katikati ya miaka ya 1980, lakini baada ya hapo zikaongezeka tena.

Kisha waandishi wanatupa changamoto, na hapo ndipo sisi wanafunzi wa fasihi tunapoguswa. Wanadai kwamba anayetaka kueleza lini na vipi muziki ulibadilika hawezi tena kuegemea visa, ujuzi wa mjuaji na nadharia isiyo na data. Kwa lugha ya kijiweni: nyie wahakiki, muda wenu umekwisha.

Tuwajibu vipi? Jibu rahisi ni kununa na kusema sanaa haihesabiki. Jibu hilo ni dhaifu, kwa sababu wameshahesabu, na wamegundua mambo ambayo sisi tusingeyagundua. Jibu lenye nguvu ni kuusoma utafiti wao kama tunavyosoma riwaya: kwa kuuliza kila kilichomo kiliingiaje.

Usione vyaelea

Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Chati ya Billboard nayo inaelea mbele ya macho yetu kana kwamba imetoka mioyoni mwa Wamarekani moja kwa moja. Kumbe imeundwa, na imeundwa upya mara kadhaa.

Hadi 1991, mauzo ya rekodi yalijulikana kwa kuuliza. Wenye chati waliwasiliana na maduka, na muuzaji akataja ni zipi zinazotoka sana wiki ile. Muuzaji ni binadamu. Ana ladha yake, ana marafiki katika kampuni za rekodi, na ana picha kichwani mwake ya "muziki wa maana". Tarehe 25 Mei 1991 Billboard ilianza kutumia mfumo wa SoundScan katika chati ya albamu: kila rekodi ilipopitishwa kwenye mashine ya kaunta, alama yake ya mistari ilisomwa na mauzo yakahesabiwa moja moja. Mwishoni mwa Novemba mwaka huohuo, Hot 100 nayo ikahamia katika hesabu mpya, pamoja na mitambo ya kunakili nini hasa kinachopigwa redioni.

Haya, nini kikatokea? Mwezi Juni 1991 albamu ya kundi la rapu la N.W.A. kutoka Compton, California, iliingia nafasi ya 2 na wiki iliyofuata ikashika nafasi ya 1, ingawa redio nyingi hazikuthubutu kuzipiga nyimbo zake. Mwezi Septemba mwaka huohuo Garth Brooks, mwimbaji wa kantri, muziki ambao watu wa miji mikubwa waliuona wa kishamba, aliingia na albamu yake moja kwa moja nafasi ya 1. Kwani Wamarekani waliamka asubuhi moja wakajikuta wanapenda rapu na kantri? La hasha. Walikuwa wakinunua muda mrefu. Rapu yenyewe ilikwishaingia Hot 100 tangu 1979, kwa wimbo wa The Sugarhill Gang. Kilichobadilika ghafla 1991 ni kwamba vijana weusi wa mijini na watu wa mashambani walianza kuhesabiwa sawasawa na wengine. Hili ni suala la tabaka na rangi kabla halijawa suala la ladha.

Sasa tuurudie utafiti wa 2015. Mapinduzi makubwa kuliko yote yametokea mwaka gani? 1991. Ngoja kwanza, tusirukie hukumu. Mtu wa haki atakumbuka kwamba Hot 100 ilibadili hesabu yake mwishoni kabisa mwa mwaka ule, na kwamba rapu ilikuwa ikipanda tangu miaka ya 1980. Kwa hiyo haitakuwa kweli kusema mapinduzi yote ni mazingaombwe ya mashine ya kaunta. Lakini njia ya watafiti hawa inalinganisha miaka iliyotangulia na iliyofuata. Miaka iliyofuata 1991 yote ilipimwa kwa mizani mpya, na iliyotangulia kwa mizani ya zamani. Ukimpima mtoto uzito Jumatatu kwa mizani ya duka hili na Ijumaa kwa mizani ya duka lile, ukaona ameongezeka, utajuaje ni nyama au ni mizani?

Kuna na jambo jingine. Hadi Desemba 1998 wimbo haukuruhusiwa kuingia Hot 100 kama haukuuzwa peke yake dukani. Ndiyo maana "Don't Speak" ya kundi la No Doubt, ambayo iliongoza orodha ya nyimbo zilizopigwa sana redioni kwa wiki 16 kati ya 1996 na 1997, haimo kabisa katika Hot 100 ya wakati ule. Wimbo uliokuwa mdomoni mwa kila mtu, katika kumbukumbu rasmi haupo! Atakayekuja kuchimba tabaka lile la mwamba hataukuta.

Sampuli ni nusu ya jibu. Mwaka 2012 Joan Serrà na wenzake huko Hispania walichapisha utafiti mwingine, wao wakitumia rekodi 464,411 za kuanzia 1955 hadi 2010, zilizovuma na zisizovuma. Waliona rangi za sauti zikizidi kufanana na rekodi zikizidi kupandishwa sauti. Hapo sasa! Mmoja anasema anuwai zilirudi, mwingine anasema zinapungua, na wote wawili wanayo kompyuta. Hakuna aliyedanganya. Mmoja alihesabu kilichofika kileleni, mwingine alihesabu kilichokusanywa ghalani, na kila mmoja alipima kwa kipimo chake.

"Ni" na "tu"

Tafiti nilizozitaja zinapima sauti na kuyaacha maneno. Wapo waliohesabu maneno. Mwaka 2011 wanasaikolojia wa Marekani wakiongozwa na C. Nathan DeWall walichukua nyimbo 10 zilizovuma zaidi kila mwaka kutoka 1980 hadi 2007, wakaipa kompyuta mashairi yake. Waliona maneno ya nafsi ya kwanza umoja, yaani "mimi" na "yangu" ya Kiingereza, yameongezeka, na yale ya wingi, "sisi" na "yetu", yamepungua. Maneno ya hasira nayo yameongezeka. Wakahitimisha kwamba nyimbo zinaonyesha jamii inayozidi kujipenda.

Wengi wetu tungependa sana utafiti wa namna hiyo ufanywe hapa. Unafanana mno na tunayoyasema kila siku: kwamba enzi za Azimio la Arusha wimbo ulisema "sisi", na enzi za soko huria unasema "mimi". Tukihesabu, si tutashinda mjadala?

Tujaribu basi. Kiswahili kwanza kitaikwamisha kompyuta mlangoni. Mswahili hasemi "mimi" ila anapotaka kusisitiza. Nafsi yake imo ndani ya kitenzi: nimekuja, niache, wamenitupa. Ukiiambia mashine itafute "ni", itakuletea na "ni" ya "huyu ni nani", na "ni" ya "nyumbani", na "ni" ya "njooni". Ukiiambia itafute "tu", itakuletea watu, vitu, kwetu na "wewe tu". Hilo ni tatizo la kiufundi na wataalamu wa isimu wanaweza kulitatua kwa kuifundisha mashine kuvunja vitenzi. Lakini hata ikishafundishwa, swali la fasihi linabaki palepale. "Nimemwacha" na "ameniacha" zote zina nafsi ya kwanza umoja. Katika ya kwanza mimi ni mtenda, katika ya pili mimi ni mtendwa. Anayelia "ameniacha, amenidharau, amenisahau" ametumia nafsi yake mara tatu. Je, anajipenda huyo? Huyo anatafuta pa kuegemea.

Tena "mimi" wa wimbo ni nani? Tuchukue taarab. Mwimbaji anasimama na kuimba kwamba yeye ndiye aliyependwa, na wabaya wake wapasuke. Mwanamke mmoja katika hadhira anainuka, anapita katikati ya ukumbi kwa madaha, anakwenda kumtunza mwimbaji noti huku macho yake yakimwangalia mwanamke mwingine kule kwenye kona. Dakika ile "mimi" wa wimbo si mtunzi wala mwimbaji. Ni yule mwenye noti. Kesho ukumbi mwingine, noti nyingine, "mimi" mwingine. Maneno hayajabadilika hata herufi moja, na maana imehama. Kompyuta itahesabu "ni" zilezile usiku wote mitatu na kusema hakuna jipya. Mwenye kujua mafumbo atakwambia kwamba usiku ule watu watatu waligombana.

Kuna na sababu ya kihistoria. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 Tanzania Bara ilikuwa na redio moja, ya taifa, Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi iliyotaka kurekodi ilikwenda kwenye studio za redio hiyo, na mashairi yalikaguliwa kabla ya kurekodiwa. Bendi nyingi zenyewe zilikuwa mali ya mashirika ya umma, vyama na jumuiya. Mwaka 1994 Radio One ikaanza, na vituo vingine vya binafsi vikafuata. Tuseme tumehesabu, na kweli tukakuta "tu" zimepungua na "ni" zimeongezeka baada ya hapo. Tutasema mioyo ya watu imebadilika? Inawezekana. Lakini inawezekana pia kwamba mlango uliokuwa ukiruhusu "tu" na kuzuia "ni" ndio umefunguliwa, na zile "ni" zilikuwepo siku zote kwenye kumbi za baa na kwenye ngoma za harusini, zikisubiri zamu yao kama vijana wa Compton walivyoisubiri mashine ya kaunta. Ndiyo maana mfano wa Marekani unatufaa. Unatufundisha kutazama mlango kabla ya kutazama waliopita.

Kizuri chajiuza?

Kuna dhana moja imejificha chini ya kila chati: kwamba kilicho juu kimependwa kuliko kilicho chini. Waswahili wanayo methali yake: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwaka 2006 Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts waliipima dhana hiyo, ingawa hawakuwa na habari na methali yetu. Walichukua nyimbo 48 za bendi zisizojulikana, wakawaita washiriki 14,341 kupitia kompyuta wazisikilize na kuchukua walizozipenda. Baadhi ya washiriki walichagua bila kujua wengine wamechagua nini. Waliobaki waligawanywa katika "dunia" 8 zisizoonana, na katika kila dunia mtu aliona wenzake wa dunia ile wamechukua nini.

Kama kizuri chajiuza, dunia zote 8 zingetoa mshindi mmoja. Haikuwa hivyo. Zile nzuri sana ni mara chache zilishika mkia, na zile mbaya sana ni mara chache ziliongoza. Lakini zile za katikati, ambazo ndizo nyingi, zilipanda na kushuka ovyo kutoka dunia hadi dunia. Na kadiri watu walivyoona wazi zaidi wenzao wanachukua nini, ndivyo aliyetangulia alivyozidi kutangulia. Kwa hiyo methali yetu ni kweli nusu. Kizuri chajiuza kidogo, na kilichokwishauzwa chajiuza zaidi.

Utafiti huu una maana kubwa kwetu leo, kwa sababu hesabu imehamia hadharani. Mwaka 2013 Billboard iliingiza watazamaji wa YouTube katika Hot 100, na mara "Harlem Shake" ya Baauer ikaingia nafasi ya 1, kwa nguvu ya video fupi za watu wa kawaida wanaorukaruka. Hapa kwetu idadi ya watazamaji imekuwa silaha ya mashabiki. Ilipotangazwa 2020 kwamba chaneli ya Diamond Platnumz imepita bilioni 1, watu walizungumzia tarakimu kuliko wimbo wowote uliokuwamo. Zamani shabiki wa Msondo na shabiki wa Sikinde walibishana juu ya gitaa na tungo. Leo wanabishana juu ya sufuri. Sisemi hili kuwalaumu vijana, nami ni mmoja wao. Nasema kwamba kipimo kinapokuwa sehemu ya mchezo, hakiwezi tena kuwa refa.

Tuhesabu nini basi?

Msomaji anaweza kuuliza: kama kila kipimo kina kasoro, si turudi kwenye sentensi yetu ya zamani, "ladha imebadilika", tukapumzike? Hapana. Sentensi ile ina kasoro kuliko vipimo vyote, kwa sababu haisemi hata ilichopima. Angalau Mauch na wenzake waliweka wazi walihesabu nini, na ndiyo maana tumeweza kuwahoji. Mhakiki asemaye "hadhira ya leo haipendi ujumbe" tutamhoji wapi?

Ugumu wetu ni kwamba hatuna Hot 100 ya miaka 60. Lakini kukosa chati si kukosa ushahidi. Terence Ranger alipoandika historia ya beni, kitabu kilichotoka 1975, hakuwa na chati yoyote. Alikuwa na ripoti za maofisa wa kikoloni walioiogopa ngoma ile, na kumbukumbu za watu walioicheza. Kwa hizo akaweza kuifuata beni kutoka Lamu na Mombasa miaka ya 1890, ikashuka mwambao, ikaingia bara pamoja na askari na makarani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ikagawanyika kwa Marini na Arinoti. Hiyo ni historia ya ladha, na ndani yake kuna tabaka, mji na dola, vitu ambavyo sekunde 30 za sauti haziwezi kuvibeba.

Sisi tunavyo vya kwetu. Kuna magazeti ya zamani yaliyotangaza madansi ya mwisho wa wiki: bendi gani, ukumbi gani, kiingilio kiasi gani. Mwanafunzi mwenye subira anaweza kukaa maktaba na kuandika miaka 20 ya matangazo hayo katika daftari, akatuonyesha dansi lilihamia wapi na lilipanda bei lini. Kuna kadi za salamu ambazo wasikilizaji walizituma redioni, na waliobaki nazo wapo. Kuna kanda za kaseti zilizonakiliwa mitaani. Mpangilio wa nyimbo katika kanda ya mtu ni chati ya nyumba moja. Kuna sahani za santuri tangu Siti binti Saad alipokwenda kurekodi Bombay 1928.

Katika kuvihesabu hivyo, tutumie majina yetu wenyewe. Wataalamu wale waliziweka nyimbo za Marekani katika mafungu 13, wakayaeleza kwa majina waliyoyatoa wasikilizaji wa huko. Wapenzi wa dansi letu walikuwa na mafungu yao siku nyingi, nayo yanaitwa mitindo: Msondo, Sikinde, Pambamoto. Mtindo ni jina la uchezaji, la bendi na la ushabiki kwa pamoja. Anayeigawa miziki ile kwa "rumba" na "isiyo rumba" atakuwa amehesabu kitu ambacho hadhira haikukisikia. Tena ajihadhari. Bendi ya NUTA iliyoundwa 1964 ikaja kuitwa JUWATA, kisha OTTU, kisha Msondo Ngoma. Mashine itaona bendi nne zilizozaliwa na kufa. Shabiki wake anaona moja, na ndiye aliye sahihi.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba tafiti za takwimu zimetuletea maarifa ambayo sikio la mtu mmoja haliwezi kuyafikia, na kwamba maarifa hayo yanategemea mlango ambao nyimbo zilipitia kabla ya kuhesabiwa. Mashine ya kaunta ya 1991, kamati ya redio, idadi ya watazamaji: yote hayo ni milango. Kazi ya mhakiki wa fasihi ni kusimama mlangoni na kuuliza nani aliyeruhusiwa, nani aliyezuiwa, na "mimi" anayeimba humo ndani ni nani.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili kwa wenzangu. Kwanza, tukiandika kwamba ladha imebadilika, tuseme tumejuaje: tumehesabu nini, cha miaka ipi, na kilikusanywa na nani. Kama hatukuhesabu, tuseme tu kwamba sisi wenyewe tumechoshwa na wimbo fulani. Hilo nalo ni uhakiki, na ni la kweli. Pili, kundi la watu watatu au wanne lianze na matangazo ya madansi ya mwaka mmoja tu katika gazeti moja tu. Ni kazi ya vumbi na ya macho kuuma, na haina sifa ya haraka. Lakini mwishoni tutakuwa na ukurasa mmoja ambao hata wale wenye kompyuta watakuja kutuomba.

Kalamu naiweka chini. Anayepinga na aje na daftari lake.